Herufi mbili za pembeni: tahasusi ya anayetaka urubani

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 17, niko kidato cha nne katika shule ya serikali hapa Dar es Salaam. Nyumbani ni Kiwalani. Ndege zinapita juu ya bati letu tangu nikiwa mdogo, na tangu hapo nasema nitakuwa rubani. Kwenye mtihani wa majaribio nimepata B fizikia, B jiografia, B Kiingereza, C hisabati, C baiolojia na D kemia. Kwenye tahasusi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita, mwalimu wa taaluma anasema nijaze PCM (fizikia, kemia, hisabati) kwa sababu rubani lazima awe amesoma PCM. Mjomba anasema PCB (fizikia, kemia, baiolojia), ili urubani ukishindikana niwe nesi. Bibi anasema mtoto wa kike mwenye miwani atarusha ndege gani, nichukue HGL (historia, jiografia, Kiingereza) niwe mwanasheria. Nijaze nini? Na miwani inanizuia? Nyumbani hela ya chuo cha urubani hatuna. Mama anauza chakula, jioni namsaidia.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimerusha ndege miaka mingi, na sasa nafundisha darasani vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya leseni. Kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyaona kila wiki mbele ya ubao.

Nisikuweke roho juu: jaza PGM (fizikia, jiografia, hisabati) chaguo la kwanza, PCM la pili. PCB na HGL ziache. Sasa nikupe sababu, maana ukiijua sababu utawajibu mwalimu na mjomba kwa adabu, bila kubishana nao.

Zitazame herufi zenyewe. PCM na PGM zote zinaanza na P na kuishia na M. Kinachobadilika ni herufi ya katikati tu, na mzigo wa rubani uko kwenye zile mbili za pembeni. PCB inakunyang'anya M, unabaki na BAM, ile hisabati ya nyongeza, ambayo haitoshi kukuzoesha. EGM (uchumi, jiografia, hisabati) inakunyang'anya P. HGL inazichukua zote mbili. Siku hizi tahasusi zimeongezeka sana, na ukikuta ya fizikia, hisabati na kompyuta katika shule unayoweza kupangiwa, nayo ni nzuri kwa sababu hiyohiyo.

Mwalimu wako amekuelekeza upande unaofaa, ila lile neno "lazima" limezidi. Leseni hapa kwetu hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, nayo inafuata viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Viwango hivyo vinataja umri, saa za kuruka, afya na mitihani. Leseni ya rubani binafsi ni miaka 17 na saa 40 angani. Leseni ya biashara, inayokuruhusu kulipwa, ni miaka 18 na saa 200, au 150 ukiwa umesoma kozi nzima mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu, ya nahodha wa ndege kubwa ya abiria, ni miaka 21 na saa 1,500. Hakuna panapotajwa PCM. Wanaouliza masomo ni vyuo na waajiri, na wengi wao jicho lao la kwanza liko kwenye hisabati, fizikia na Kiingereza.

Nianze na hisabati, kwa sababu C yako hiyo inanipa wasiwasi kuliko D ya kemia.

Hisabati ya urubani si ngumu. Hakuna mtu atakayekudai kalkulasi ukiwa angani. Utadaiwa kuzidisha, kugawanya, asilimia, uwiano, pembe na kubadili vizio. Tatizo ni kwamba utadaiwa ukiwa umeshika usukani, sikio liko kwa mwongoza ndege, na ndege inakula maili mbili kila dakika. Kila kundi jipya likiingia darasani kwangu nawauliza swali moja: unatoka Dodoma unakuja Dar, uko futi 9,000, uanze kushuka ukiwa umebakiza maili ngapi? Kanuni ya kukadiria ni maili tatu kwa kila futi elfu unazotaka kupoteza, kwa hiyo 27. Na ushuke kwa kasi gani? Chukua mwendo wako juu ya ardhi, zidisha kwa tano. Ukienda noti 120, yaani maili 120 za baharini kwa saa, ushuke futi 600 kila dakika. Kwisha. Lakini vijana wenye A kwenye cheti mara nyingi huomba karatasi na kikokotoo. Anayejibu wa kwanza, mara nyingi, ni aliyekulia dukani au gengeni.

Umesema jioni unamsaidia mama. Mteja akila wali maharage, chapati mbili na soda, akatoa elfu kumi, wewe unamrudishia chenji huku ukimsikiliza mwingine anayeagiza. Hiyo ndiyo hisabati ya rubani, mwanangu. Usiione ni kazi inayokupotezea muda wa twisheni. Ifanye kwa makusudi: jumlisha kichwani, kadiria, kisha hakikisha. Halafu peleka akili hiyohiyo kwenye karatasi ya Baraza la Mitihani, maana C huanzia alama 45 na kuishia 64, na kuna tofauti kubwa kati ya mwenye 46 na mwenye 63. Sijui wewe uko wapi humo ndani. Kama uko chini, anzia hapo kesho asubuhi.

Trigonometria watu huimeza na kuitapika siku ya mtihani. Kwako wewe iko juu ya bati. Njia kuu ya kurukia ya Uwanja wa Julius Nyerere inaitwa 05 ukiiangalia kutoka upande mmoja, na 23 ukiwa upande wa pili. Hizo ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho: 050 na 230, na kati yake kuna 180 kamili kwa sababu ni mstari mmoja ulionyooka. Mstari huo unatoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, na Kiwalani iko upande huo wa kaskazini mashariki.

Sasa tuseme ni Julai, kusi imeshika, upepo unatoka nyuzi 170 kwa noti 16. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Ukitumia 05, tofauti na upepo ni nyuzi 120, utasukumwa kwa nyuma. Ukitumia 23, tofauti ni 60. Kosaini ya 60 ni nusu, kwa hiyo unapata noti 8 za usoni, vizuri. Saini ya 60 ni 0.87, kwa hiyo karibu noti 14 zinakupiga ubavuni. Hiyo 14 ndiyo inayoamua kama mwanafunzi wangu anaruka leo au anarudi nyumbani. Cessna 172, ndege ndogo waliyojifunzia marubani wengi duniani, kitabu chake kinataja noti 15 kuwa upepo wa ubavuni uliothibitishwa wakati wa majaribio. Siwezi kumpa mgeni wa saa kumi angani noti moja ya akiba. Na wewe, miezi ya kusi simama nje uangalie: ndege nyingi huwa zinashuka juu yenu kwenda kutua 23. Kaskazi ikiingia, mwisho wa mwaka, zinapanda juu yenu zikitoka 05. Umekulia chini ya mchoro wa vekta.

Fizikia una B, nzuri. Ila nakuomba uisome kwa vizio, usiisome kwa fomula. Kuna mkasa nausimulia kila mwaka darasani, na nitausimulia na kwako.

Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa angani kuelekea Edmonton, kwenye futi 41,000, ikiwa na watu 69. Mafuta yakaisha. Injini zote mbili zikazima. Haikuwa tangi kuvuja. Kipimo cha mafuta cha ndege kilikuwa hakifanyi kazi, kwa hiyo watu walipima kwa kijiti, kama fundi anavyopima oili, wakapata lita, kisha wakakokotoa uzito kwa mkono. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kwenye matangi walikuta lita 7,682. Ili lita ziwe uzito, unazidisha kwa densiti. Densiti ya mafuta ya ndege ni kama 0.8 ukitaka kilo. Wao walitumia 1.77, ambayo ni densiti ya kupata ratili. Canada wakati ule ilikuwa inahama kutoka ratili kwenda kilo, na 767 ilikuwa ndege mpya iliyotumia kilo. Chukua daftari ufanye mwenyewe: 7,682 mara 1.77 ni 13,597. Wakaona pungufu ni 8,703, wakagawa kwa 1.77, wakaongeza lita zipatazo 4,900. Walitakiwa kuongeza zaidi ya 20,000. Kila mstari wa hesabu yao ulikuwa sahihi. Walichosahau ni kizio tu, na hakuna aliyeuliza "1.77 ya nini?"

Walipona wote, kwa sababu nahodha, Bob Pearson, alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akaitelezesha hewani hadi kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi mahali panapoitwa Gimli. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wasimtazame sana Pearson. Watazame ile 1.77. Densiti ni mada ya kidato cha kwanza. Wewe umeshaisoma.

Ukiniruhusu mfano wa nyumbani, chukua Arusha. Kiwanja cha Arusha kiko kama futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, cha Dar hakifiki 200. Katika hewa ya kiwango tunayotumia kwenye vitabu, joto ni nyuzi 15 usawa wa bahari, nalo hupungua nyuzi 2 kila ukipanda futi 1,000. Kwa hiyo Arusha ingetakiwa kuwa na nyuzi 6 hivi. Mchana wa Februari ukikuta 28, kuna nyuzi 22 za ziada. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama umeiinua ndege futi 120. Zidisha: 2,640. Mabawa na injini vinajiona viko futi 7,190, ingawa magurudumu yako kwenye lami ya Arusha. Hewa ni nyepesi, rafadha inakamata kidogo, bawa linanyanyua kidogo, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka. Hapo rubani anateremsha mzigo au anasubiri jioni. Abiria analalamika kwamba kampuni za ndege ndogo zinambana kwenye kilo 15 za begi laini. Ni fizikia hiyo inambana, pamoja na ile ya momenti mliyofanya kwa rula na mawe: begi likikaa nyuma mno, kitovu cha uzito kinahama, na ndege inakuwa ngumu kutawala.

Mitihani ya leseni ya biashara, kwa mpangilio wa ICAO, ina maeneo tisa: sheria za anga, ujuzi wa ndege na mifumo yake, utendaji na upakiaji, uwezo wa binadamu na mipaka yake, hali ya hewa, uongozaji safari, taratibu za uendeshaji, kanuni za kuruka, na mawasiliano ya redio. Yapange mwenyewe chini ya masomo ya shule. Utaona fizikia na hisabati zimekalia zaidi ya nusu, na jiografia imepata fungu lake zuri.

Ndiyo maana siungani na wanaoiona PGM kuwa PCM ya waliokosa kemia. Hali ya hewa imefuta safari zangu nyingi kuliko ubovu wa injini. Mtu aliyeelewa kwa nini masika hunyesha Machi hadi Mei na vuli huja Oktoba, kwa nini kusi na kaskazi hubadilishana, na kwa nini wingu la radi hukua saa za mchana juu ya nchi kavu, amenipunguzia kazi ya mwezi mzima. Ramani pia. Mwanafunzi wa jiografia akiona mistari ya kontua anaona mlima. Wengine wanaona mistari.

Nikuoneshe taarifa ya hali ya hewa inavyoandikwa, huu ni mfano tu:

HTDA 140600Z 17016KT 9999 FEW022 26/19 Q1017

HTDA ni uwanja wetu wa Dar. Zanzibar ni HTZA, Kilimanjaro HTKJ, Mwanza HTMW. Tarehe 14, saa 0600 za dunia. Upepo kutoka 170 kwa noti 16, ile hesabu yetu ya juu. Kuona mbali kilometa 10 au zaidi. Mawingu machache kwenye futi 2,200. Joto 26, kiwango cha umande 19. Mgandamizo wa hewa hektopaskali 1,017. Angalia ile Z. Inamaanisha saa ya dunia nzima ya anga, inayofuatwa kila nchi. Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 0600 ni 0900 kwetu, na 0900 sisi tunaiita saa tatu asubuhi. Mswahili ana kazi ya ziada hapa: saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya anga kwa saa tatu kamili. Saa sita ya anga, saa tatu ya bibi. Nimeona mwanafunzi mwerevu anakosa muda wa safari kwa sababu ya hilo tu. Anza kuzoea sasa.

Kiingereza una B ya kuandika. Sina ugomvi nayo, lakini leseni inapima kusema na kusikia. ICAO ina ngazi sita. Kwa safari za kimataifa unatakiwa uwe angalau ngazi ya nne, na wa ngazi ya nne hupimwa tena kila miaka mitatu. Sababu yake ni nzito. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kiwanja cha Tenerife, katika visiwa vya Canary, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye ukungu, ya KLM na ya Pan Am, wakafa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, ila mojawapo ni maneno. Rubani msaidizi wa KLM alitamka sentensi ya Kiingereza ambayo mnara uliielewa kuwa wako tayari mahali pa kurukia, kumbe ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia. Leo neno la Kiingereza "take-off", yaani kuruka, halitamkwi redioni ila kwa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Kwa hiyo fanya hivi: soma kwa sauti, taratibu, namba moja moja. Jirekodi kwenye simu ya mama. Lafudhi yako ya Kiswahili si kosa hata kidogo, mradi msikilizaji asikuombe urudie.

Kemia nitaisema kwa ufupi. Rubani haitumii sana. Lakini usiitupe kabla ya Novemba, kwa sababu baadhi ya shahada za uhandisi huangalia kemia ya kidato cha nne hata kama tahasusi yako haikuwa nayo. Na kwa D uliyo nayo, PCM haikuhesabii vizuri, maana kemia ni moja ya masomo yake matatu. Ndiyo sababu ya pili ya kuiweka PGM mbele. Baiolojia itakusaidia kuelewa kwa nini mtu hupungukiwa akili akikosa oksijeni kwenye futi 20,000, na kwa nini huruki ukiwa na mafua mazito. Historia na uraia visome upate divisheni nzuri.

Miwani haikuzuii. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona watoto wazuri wameacha ndoto zao kwa maneno ya barazani. Kiwango cha ICAO kwa cheti cha afya cha daraja la kwanza, anachotakiwa kuwa nacho rubani wa biashara, ni kuona 6/9 au zaidi kwa kila jicho na 6/6 kwa macho yote mawili, ukiwa na miwani au bila. Wapo manahodha wanaosoma vipimo kwa miwani kila siku. Kinachoweza kuleta shida kweli ni kutotofautisha rangi, na mtu anaweza kuishi miaka ishirini asijue anayo. Kuna kipimo cha vitone vya rangi vyenye namba ndani yake, kinaitwa Ishihara, kinachukua dakika chache kwenye kliniki ya macho. Kapimwe hicho mapema. Cheti chenyewe cha daraja la kwanza hutolewa kwa uchunguzi wa daktari aliyeidhinishwa na TCAA: macho, masikio, moyo, mapafu, damu, historia ya kifafa. Siku yoyote itakapofika ya kulipa ada ya urubani, cheti hicho kitangulie. Nimewahi kumpokea kijana ambaye familia ilikuwa imeuza kiwanja, ada imelipwa, ndipo akaenda kupimwa na kukuta moyo haumruhusu. Sitaki kuona tena.

Kuhusu mtoto wa kike, mwambie bibi, baada ya kumpa shikamoo yangu, kwamba kanuni za leseni hazina mstari wa mume wala mke. Marubani wanawake Watanzania wapo, wa ndege ndogo zinazokwenda Mafia na mbugani, na wa ndege kubwa.

Sasa hela, ambayo uliitaja mwishoni, kwa unyonge. Sitakudanganya. Kutoka sifuri hadi leseni ya biashara yenye injini mbili na kuruka kwa vipimo (bila kutegemea kuona nje) ni makumi ya maelfu ya dola, uende Nairobi, Afrika Kusini au Ethiopia. Kisha kuna kozi ya aina ya ndege utakayorusha. Mama hawezi kuyatoa hayo kwenye sufuria, na asikope kwa ajili hiyo. Akija wakala anayekuahidi chuo cha nje na kazi papo hapo, ulizia kwanza TCAA kama leseni ya nchi ile inabadilishwa huku, na kwa masharti gani.

Hapa ndipo tahasusi inapokuwa na uzito ambao mjomba aliuona, ila akaupeleka PCB. Yeye anataka uwe na mlango wa pili. Ana haki. Mlango wa pili wa anayependa ndege uko karibu nanyi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kinafundisha matengenezo ya ndege. Chuo cha Usafiri wa Anga, CATC, kilicho chini ya TCAA, kiko hapahapa Dar na kinafundisha waongoza ndege. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wana chuo Kigoma. Milango yote hiyo inataka hisabati na fizikia, na mwenye jiografia hajapoteza kitu. Hizo ni kazi zenye mshahara, zilizo ndani ya uwanja, ambapo utasikia kabla ya wengine kampuni ipi inafadhili mafunzo, na ambapo unaweza kuweka akiba ya saa za leseni binafsi, kidogo kidogo.

Na muda unao. ICAO inamruhusu rubani wa ndege ya abiria yenye marubani wawili kuruka hadi miaka 65. Ukianza kulipwa kwa kurusha ndege ukiwa na 28, bado una miaka 37 mbele. Kwa hiyo usiharakishwe na aliyeanza na 19 kwa sababu baba yake alikuwa na hela.

Kwa kiwango chako cha sasa, PGM unaipata. Hadi mtihani wa Novemba, hisabati nusu saa kila siku bila kikokotoo, kemia ipande angalau ifike C, na Jumamosi moja uende kupima rangi. Matokeo yakitoka, dirisha la kubadili tahasusi hufunguliwa. Kama kemia itakuwa imeruka hadi B na unajiona unapenda kutengeneza ndege kuliko kuirusha, niandikie tena kabla hujabadilisha, tuitazame PCM upya.